Niache ualimu nikaimbe kantri?

SWALI

Hujambo Shangazi?

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kaunti ya Nyandarua, nina miaka 36, mume na watoto wawili. Marehemu baba alikuwa na redio ya betri ambayo hakuruhusu mtu mwingine kuigusa. Jumapili jioni alitukalisha kumsikiliza Jim Reeves, Skeeter Davis, Don Williams na Dolly Parton, na mimi nilizikariri nyimbo zile kabla sijajua Kiingereza. Nilipofika chuo cha ualimu nikajifunza gitaa. Sasa wikendi naimba katika hoteli na vilabu vya Nakuru na Naivasha, maana huku kwetu usiku wa kantri haukosi watu.

Wateja huanza kwa kuniomba nyimbo za Wamarekani. Lakini kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitunga zangu kwa Kiswahili na Gĩkũyũ. Kuna wimbo wa wanawake wanaochambua viazi kando ya barabara wakimngoja dalali, mwingine wa sakitu, ile baridi kali ya barafu, iliyounguza shamba letu lote kwa usiku mmoja, na mwingine wa mama yangu alivyokuwa akingoja barua za baba kutoka bandarini Mombasa. Huo wa viazi sasa nikichelewa kuuimba wananikumbusha kwa sauti. Nimerekodi nyimbo sita katika studio ndogo mjini, nikalipa mwenyewe kidogo kidogo.

Mwezi uliopita prodyuza kutoka Nairobi alinisikia Naivasha. Amenipa mkataba wa miaka mitano. Atagharamia albamu na video mbili kwa shilingi 600,000. Mapato tutagawana, yeye asilimia 70, mimi 30, na gharama "itarejeshwa kutoka katika fungu la msanii". Nyimbo zote, zile sita na nitakazotunga ndani ya miaka hiyo mitano, utunzi na rekodi, zitakuwa mali ya lebo yake, yaani kampuni yake ya muziki, "kwa muda wote wa hakimiliki". Anataka niache kazi ili niwe huru kusafiri, niimbe kwa Kiingereza, nivae kofia na buti, kwa sababu anasema Kiswahili hakiuziki kwenye kantri. Amenipa hadi mwisho wa mwezi.

Mume wangu hajanikataza. Aliniuliza tu: mwezi ambao hakuna shoo, karo italipwa na nini? Sikuwa na jibu. Na mwalimu mwenzangu anasema Mkenya kuimba kantri ni kuiga watu wasiotujua. Hilo liliniuma kuliko nilivyoonyesha.

Shangazi, nitie sahihi? Niache kazi? Na je, muziki huu ni wangu au nauazima tu?

Mwalimu mwenye Gitaa, Nyandarua

JIBU

Sijambo, binti yangu. Kwa kuwa huyo bwana amekuwekea siku ya mwisho, nitaanza na karatasi zake. La mwalimu mwenzako nitalifikia, maana naona ndilo lililokukosesha usingizi.

Mkataba huo usiutie sahihi ulivyo. Chukua chaki ufanye hesabu kama unavyowafanyia watoto ubaoni. Gharama ni 600,000 na inakatwa kwenye fungu lako, ambalo ni asilimia 30. Ili asilimia 30 ifikie 600,000, nyimbo zinapaswa kuingiza shilingi milioni 2. Kufikia hapo yeye ameshachukua asilimia 70 yake, yaani milioni 1.4, na zile 600,000 zako nazo zimemrudia. Milioni 2 zote zimeingia mfukoni mwake, na wewe hujaona hata nauli ya Nakuru. Sasa tuseme gharama ingekatwa kwanza kwenye mapato yote, kisha kilichobaki ndicho kigawanywe. Katika milioni 2 hizohizo kungebaki milioni 1.4, na asilimia 30 yako ingekuwa 420,000. Mgao ni uleule wa 70 kwa 30. Kilichobadilika ni kifungu kimoja tu. Ndiyo maana mkataba wa muziki hausomwi na mwenye furaha peke yake. Unasomwa na wakili, na ada ya wakili wa kukusomea karatasi chache ni ndogo sana ukilinganisha na hiyo 420,000.

Hata hivyo pesa sizo zilizonitisha zaidi. Kilichonitisha ni yale maneno "utunzi na rekodi". Kila wimbo uliorekodiwa una mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni utunzi: maneno na mahadhi yake, kile ulichonacho hata umeme ukipotea. Ya pili ni rekodi yenyewe, ile ambayo wanamuziki huiita masta. Msanii anaweza kukodisha moja na kubaki na nyingine, na wengi wameokolewa na hilo. Taylor Swift, aliyeanzia Nashville, Tennessee, huko Marekani, kwenye kantri hii hii, aliona masta za albamu zake sita za kwanza zikiuzwa mwaka 2019 kwa watu ambao hakuwachagua. Kwa kuwa ni mtunzi na haki zake za utunzi alikuwa nazo, aliweza kuziimba upya na kuanza kutoa rekodi mpya mwaka 2021, na mwaka 2025 akazinunua zile za zamani. Wewe ukitia sahihi kama ilivyoandikwa, hata mlango huo wa kurekodi upya utakuwa umefungwa, maana utunzi nao utakuwa umeondoka. Hakuna mtu Nyandarua anayempa jirani hati ya shamba kwa sababu amemlimia kwa trekta msimu mmoja, na huyu anachokuomba ni hati, pamoja na za mashamba ambayo hujayanunua bado.

Na huo "muda wote wa hakimiliki" ni muda gani? Kwa sheria ya Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, utunzi wa muziki hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Miaka mitano iliyoandikwa kwenye ukurasa wa kwanza ni ya kukufunga wewe. Nyimbo zako zitafungwa hadi wajukuu wako wawe na mvi. Mzee Joseph Kamaru alipofariki mwaka 2018 aliacha hazina ya miaka mingi ya nyimbo za Gĩkũyũ, na mjukuu wake, mwanamuziki anayejulikana kama KMRU, ndiye aliyezirudisha hewani kupitia Bandcamp, mtandao ambao msikilizaji hununua muziki moja kwa moja kutoka kwa mwenyewe. Nakuomba ulifikirie hilo unapomtazama mtoto wako mdogo akicheza na nyuzi za gitaa lako.

Sasa kazi. Usiiache mwaka huu. Siwezi kukwambia usiiache milele, kwa sababu barua yako ni ya mtu anayejua anachokiimba na sitaki gitaa hilo liwe la mazishi na harusi tu. Lakini swali la baba watoto ni swali halali kabisa, na mtu aliyekuuliza kwa upole vile anastahili jibu la tarakimu. Nunua daftari. Kila shoo iandike: ulilipwa ngapi, nauli, chakula, nyuzi, mpiga besi kama ulikuwa naye, na kilichobaki. Andika pia miezi mikavu. Ukipata mwaka mzima, mkae wawili na daftari hilo mezani. Muziki ukiweza kulipa karo na chakula kwa wastani wa mwaka mzima, ukiwa na akiba ya miezi sita pembeni, mtakuwa na la kuzungumza. Kabla ya hapo unamwomba aamini ndoto, na watoto hawapelekwi shule kwa ndoto.

Tena ualimu una kitu ambacho wasanii wengi wangekilipia: likizo. Aprili, Agosti, Novemba na Desemba shule zimefungwa. Hiyo ndiyo misimu yako ya kusafiri mbali, Eldoret, Nyeri, hata Nairobi. Wakati wa muhula imba karibu na nyumbani, na ikiwezekana omba shoo za mchana wa Jumamosi. Ile barabara ya kutoka Naivasha saa nane za usiku siipendi kwa mwanamke aliye peke yake na gitaa. Safiri na mtu, na nauli yake uihesabu kwenye bei yako.

Usidhani kwamba mwenye kazi ya mchana ni msanii nusu. John Prine, mmoja wa watunzi ninaowaheshimu kuliko wote katika muziki huu, alikuwa akigawa barua huko Maywood, kitongoji cha Chicago, na nyimbo zake nyingi za mwanzo alizitunga akitembea nyumba kwa nyumba na mfuko begani. Ni nyimbo za wazee wapweke na askari waliorudi vitani wakiwa wameharibika, watu ambao mtu wa posta huwaona mlangoni. Baadaye alirekodi na kampuni kubwa kwa miaka kadhaa. Mwaka 1981 yeye na meneja wake Al Bunetta wakaanzisha lebo yao ndogo, Oh Boy Records, na mashabiki wakatuma pesa kulipia albamu kabla haijatoka. Watu wa biashara ya muziki wangeweza kuona hilo kama kushuka ngazi. Lakini alibaki na lebo hiyo hadi alipofariki mwaka 2020, na albamu yake ya mwisho, ya mwaka 2018, ilifika nafasi ya 5 kwenye orodha ya albamu ya jarida la Billboard la Marekani, juu kuliko albamu zake zote zilizotangulia. Alikuwa na zaidi ya miaka 70. Nakubali kwamba yeye aliijenga lebo yake akiwa tayari na jina. Wewe jina bado unalijenga, kwa hiyo utaenda polepole zaidi. Njia lakini ni ileile: wasikilizaji wanaokujua, wanaolipa moja kwa moja, na nyimbo zinazobaki kwako.

Hao wasikilizaji tayari unao. Wale wanaokukumbusha wimbo wa viazi ni akina nani? Una namba zao? Kuanzia shoo ijayo weka daftari mlangoni, anayetaka aandike jina na namba ya WhatsApp. Ukiwa na watu mia tatu waliojiandikisha kwa hiari yao, una kitu ambacho YouTube haiwezi kukupa. Ukirekodi wimbo mpya, watumie wao kwanza, kwa shilingi mia moja au mia mbili kupitia M-Pesa. Mara moja kwa muhula panga kikao chako mwenyewe, ukumbi mdogo au ua wa mtu, viti sitini, kiingilio shilingi 500, uimbe nyimbo zako tu. Ukumbi ukijaa ni shilingi 30,000 kabla ya gharama, na hakuna mlevi wa kukukatiza akitaka Kenny Rogers.

Mitandao ya kusikilizia muziki usiikatae, ila ijue ilivyo. Spotify ilifika Kenya mwaka 2021, na tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa katika miezi 12 haulipwi chochote cha rekodi huko. Kufika huko unapitia wasambazaji, yaani kampuni za kupeleka nyimbo mitandaoni, na hao hawafanani. DistroKid hulipwa kila mwaka, na ukiacha kulipa nyimbo zinaweza kuondolewa, isipokuwa umelipia nyongeza ya kuziacha. CD Baby hulipwa mara moja kwa kila toleo, kisha hukata asilimia 9 ya mapato. Kwa mtu mwenye nyimbo sita na mshahara wa mwalimu, mimi ningechagua inayolipwa mara moja. Skiza, huduma ya Safaricom ya miito ya simu, nayo ni nzuri kwa nyimbo za lugha zetu, kwa sababu mama anayeuza viazi hana Spotify ila simu yake inaita. Uliza mapema yule anayekuingizia nyimbo huko anabaki na asilimia ngapi, na upewe kwa maandishi. Kisha jiandikishe kwenye mashirika ya kukusanya mirabaha, yaani malipo ya nyimbo zinapopigwa hadharani, kama mtunzi na kama mwimbaji; waulize kwanza Bodi ya Hakimiliki ni yapi yenye leseni sasa. Wasanii wengi wana malalamiko juu ya ukusanyaji wa mirabaha nchini na sitakuficha hilo, lakini asiyejiandikisha hana hata pa kusimama kudai.

Na redio. Hapa ndipo naona umekaa juu ya mali bila kujua. Mwaka 1960 Loretta Lynn, mama wa watoto wanne asiyejulikana na mtu, alirekodi wimbo wake wa kwanza kwa lebo ndogo. Yeye na mumewe wakatuma sahani kwa posta, kisha wakapanda gari wakawa wanasimama kila kituo cha redio njiani kuomba upigwe, na wimbo ukafika nafasi ya 14 kwenye chati ya kantri ya Billboard. Wewe una wimbo wa viazi na dalali, na wa sakitu, katika nchi ambayo redio za Gĩkũyũ kama Inooro na Kameme husikilizwa na wakulima waliokumbwa na mambo hayohayo. Usiupeleke kwa mtangazaji wa muziki peke yake. Mpelekee yule wa kipindi cha wakulima. Ukiombwa pesa ili wimbo upigwe, shukuru uende kituo kingine.

Tufike kwa mwalimu mwenzako. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alifika Kapkatet, kwa Wakipsigis, na chombo cha kurekodi. Akakuta wasichana wakimwimbia Jimmie Rodgers, yule wanayemwita baba wa kantri, aliyekuwa amefariki tangu 1933. Santuri zake zilikuwa zimewafikia kwa gramafoni. Wakamtungia wimbo wao kwa lugha yao na mtindo wao, wakimwita Chemirocha, wakamgeuza kiumbe nusu mtu nusu swala. Hiyo ni Rift Valley, miaka 13 kabla ya uhuru. Na banjo, ambayo bila hiyo kantri haijulikani, wazazi wake ni vinanda vya Afrika Magharibi vilivyovuka bahari na watu waliotekwa. Huku kwetu mwanamume mmoja na gitaa lake amekuwa akiwachezesha watu mugithi hadi alfajiri, na ukisikiliza vizuri utaisikia kantri humo ndani. Sir Elvis, yaani Elvis Otieno, na Esther Konkara wamesimama na kuimba kantri kama Wakenya mbele ya Wakenya, na watu wamewalipia. Aliyekulea kwa Jim Reeves ni baba yako, sebuleni mwako. Hukuazima chochote.

Ndiyo maana ushauri wa prodyuza wa kuacha Kiswahili naukataa kwa nguvu zote. Tennessee ina maelfu ya waimbaji wa Kiingereza wenye kofia. Mwanamke wa Nyandarua aliyeimba juu ya sakitu kwa kantri, mimi bado sijamsikia mwingine. Kofia ukiipenda ivae. Mimi ningependa nikuone na shuka na sweta ya baridi ya Ol Kalou.

Kabla ya mwisho wa mwezi, basi, fanya haya. Nenda studio uliyorekodi zile nyimbo sita, uchukue faili zote za kila chombo na kila sauti, uziweke mahali pawili. Kwa sheria yetu mwenye rekodi ni yule aliyepanga na kuwezesha irekodiwe, na risiti zako zinakusaidia, lakini mwombe mwenye studio atie sahihi karatasi fupi kwamba umemaliza kulipa na hana dai. Kama mpiga gitaa au rafiki alichangia maneno au mahadhi ya wimbo, andikeni leo asilimia ya kila mmoja. Sote tunaimba Malaika, Miriam Makeba na Boney M wameuimba duniani kote, na hadi leo watu wanabishana kama Fadhili William aliyeurekodi ndiye aliyeutunga. Zako sajili kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, sasa hivi zikiwa bado hazina thamani ya kugombaniwa.

Kisha mwandikie huyo bwana kwa adabu. Mwambie umefurahi kusikilizwa, na kwamba uko tayari kumkodisha rekodi za nyimbo sita hizo kwa miaka mitano, baada ya hapo zirudi kwako. Utunzi unabaki wako. Zitakazotungwa baadaye mtazizungumzia zikizaliwa. Gharama ikatwe kwenye mapato yote kabla ya mgao, risiti zionyeshwe, na hesabu iletwe kwa maandishi kila miezi sita. Kazi huachi, lugha hubadilishi. Akiwa prodyuza anayeutaka muziki wako, atarudi na jibu lake na mtavutana kidogo, na hapo ndipo biashara huanza. Akikwambia nafasi hii haitakuja tena, au akikataa umpelekee wakili nakala, mrudishie karatasi zake, uende ukaimbe Naivasha Jumamosi.

Shangazi